Vipindi vya Umakini Vikigoma: Jinsi ya Kutafuta Kasoro

Mfumo wa vipindi vya umakini uitwao Pomodoro ni mwepesi kueleza. Unachagua kazi moja, unatega saa dakika 25, unaifanya kazi hiyo peke yake hadi kengele ilie, kisha unapumzika dakika 5. Ukishamaliza vipindi vinne unachukua mapumziko marefu ya dakika 15 hadi 30. Francesco Cirillo, Mwitaliano aliyeubuni mwishoni mwa miaka ya 1980 akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, alikuwa anatumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, na jina la Pomodoro, yaani nyanya kwa Kiitaliano, linatokana na saa hiyo.

Wanaoanza ni wengi na wanaoacha ni wengi. Wanaoacha karibu wote hupitia njia ileile: mambo yakienda kombo wanakimbilia kubadilisha dakika. Dakika 25 zinakuwa 50, 50 zinashuka hadi 15, halafu wanapakua programu nyingine ya kuhesabu muda, na mwisho wanasema mfumo hauwafai. Kwa maoni yangu, dakika ndizo zenye hatia ndogo kuliko vyote. Mara nyingi kasoro iko kwenye kazi uliyoiingiza ndani ya kipindi, au kwenye mapumziko, au kwa watu na vifaa vilivyokuzunguka. Kwa hiyo kabla hujagusa namba yoyote, jua kwanza kipindi kinavunjikia wapi: kabla hakijaanza, katikati, kengele inapolia, au mapumzikoni. Kila mahali pana sababu zake na dawa yake.

Anza kwa kuweka alama

Chukua karatasi uiweke karibu na mkono. Kipindi kikikamilika, weka X. Ukisumbuliwa, weka alama palepale. Cirillo aligawa usumbufu mara mbili, na mgawanyo huo unatosha kabisa: alama ya mkato wa juu (') kwa usumbufu uliotoka ndani yako, kama umekumbuka malipo fulani au umetamani kuchungulia habari, na kistari (-) kwa ule uliotoka nje, kama mwenzako amekuja mezani au simu imeita. Usijilaumu wala usijieleze. Weka alama, rudi kazini. Fanya hivyo siku mbili tatu, ndipo usome.

Tuseme karatasi ya mtu mmoja inaonekana hivi:

Barua kwa mteja: X
Ripoti ya robo mwaka: ' ' ' - ' ' (hakikukamilika)
Ripoti ya robo mwaka: ' ' ' ' (hakikukamilika)
Kupanga ratiba ya wiki: ' X

Ukimuuliza mtu huyu atakuambia kwamba hana umakini, akili yake inarukaruka. Karatasi inasema kingine. Barua ameiandika bila kusumbuka hata mara moja, na ratiba ameimaliza. Alama karibu zote zimerundikana kwenye ripoti, na isipokuwa moja, zimetoka ndani. Huyu hahitaji programu mpya wala hahitaji kufunga mlango. Anahitaji kuiangalia upya hiyo ripoti. Bila karatasi angehangaika na dakika kwa wiki nzima.

Kengele hailii, au inalia imechelewa

Hili ni tatizo la kifaa, basi liondoe kwanza. Ukitumia tovuti ya kuhesabu muda, kumbuka kwamba vivinjari vya siku hizi hupunguza kasi ya kurasa zilizofichwa nyuma ya nyingine ili kuokoa betri, na hesabu inaweza kuchelewa. Ifungue kwenye dirisha lake peke yake ibaki inaonekana, au tumia programu iliyosakinishwa. Kwenye simu za Android, mfumo wa kuokoa betri unaweza kuifunga programu ikiwa nyuma. Ingia kwenye mipangilio ya betri uiruhusu ifanye kazi bila kizuizi. Kama inalia lakini husikii, angalia ni sauti ipi iliyozimwa, maana sauti ya kengele, ya arifa na ya muziki hupandishwa kila moja kivyake. Kompyuta inayolala baada ya dakika kumi nayo hulala na kengele yako.

Saa ya kawaida ya kuhesabu kurudi nyuma, isiyo na intaneti, haina hata moja ya kasoro hizi. Ina faida nyingine kubwa zaidi nitakayoieleza mbele.

Huanzi: saa iko mezani, hutegi

Unapanga meza, unafungua faili na kulifunga, unajibu ujumbe ambao ungeweza kusubiri. Nusu saa imepita na kipindi cha kwanza hakijaanza.

Sababu ya kwanza, na naiona kuwa kubwa kuliko nyingine zote katika mwongozo huu, ni kwamba ulichoandika kwenye orodha ni jina la mradi, hujaandika kazi. "Ripoti ya robo mwaka" haina mahali pa kushika. Akili ikiliangalia jina hilo inaona mambo ishirini kwa pamoja: takwimu, majedwali, maneno ya utangulizi, maoni ya mkuu wa idara. Inarudi nyuma. Kipimo changu ni swali moja: ukibonyeza saa sasa hivi, mkono wako utagusa nini katika sekunde ya kwanza? Kama huna jibu, kazi haijawa tayari kuingia kwenye kipindi. Iandike upya: "Fungua jedwali la matumizi, linganisha miezi mitatu, andika aya moja kuhusu gharama zilizopanda." Hapo mkono unajua unakwenda wapi. Na ukimaliza aya hiyo utajua umemaliza, jambo ambalo "ripoti" haikupi hata siku moja.

Cirillo ana kanuni inayosaidia hapa: kazi unayokadiria itazidi vipindi vitano hadi saba ivunje vipande, na zile ndogo zisizojaza hata kipindi kimoja zikusanye pamoja. Watu wengi wanaifuata nusu ya pili, wanakusanya barua pepe na simu fupifupi, lakini hawavunji kubwa. Halafu siku inajaa alama za X za mambo madogo, na lile moja lililokuwa muhimu linahamishwa kesho, na keshokutwa.

Sababu ya pili: unasubiri kitu kutoka kwa mtu. Huwezi kuandika kuhusu mauzo kama takwimu za mauzo hujaletewa, na kuitazama saa hakutazileta. Basi kazi ya kipindi hiki ni kuzifuatilia: andika ombi, taja siku unayozihitaji, litume, kisha ingia kwenye kazi nyingine.

Sababu ya tatu ni woga, na usiudharau. Kazi itakayosomwa na watu unaowaheshimu, au iliyowahi kukushinda, inaogopesha hata kama kila hatua yake inaeleweka. Hapa kupunguza dakika kunasaidia kweli. Tega 10 tu, na jiruhusu kuandika vibaya: rasimu ambayo hakuna atakayeiona. Ukifika 10 unaweza kusimama bila deni. Mara nyingi hutataka kusimama, kwa sababu kilichokuwa kigumu ni kuingia.

Umeanza vizuri, dakika ya nane akili imetoka

Soma alama zako za mkato wa juu, na usome zimekaa wapi. Zikirundikana mwanzoni mwa kipindi, huenda akili bado iko kwenye kazi uliyotoka nayo. Mtafiti Sophie Leroy aliliandikia jambo hili mwaka 2009: mtu akihama kutoka kazi moja kwenda nyingine, sehemu ya mawazo yake hubaki kwenye ile ya kwanza, na hii ya pili hufanywa kwa akili pungufu. Ukitoka kwenye mkutano mkali kisha ukatega saa papo hapo, dakika zako za mwanzo zinaliwa na mkutano. Kabla ya kutega, tumia dakika mbili kuandika mkutano umeishia wapi na wewe unadaiwa nini. Ndipo uanze.

Alama zikiwa za kukumbukakumbuka mambo, yaani malipo, miadi, mtu wa kumpigia, weka karatasi ya pili pembeni. Jambo likija liandike kwa maneno matatu na uliache. Utafiti wa Masicampo na Baumeister uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba kulipangia utekelezaji jambo ambalo halijakamilika hupunguza jinsi linavyoingilia mawazo, hata kabla halijafanywa. Kwa hiyo usiandike "umeme" tu. Andika "umeme, lipa saa saba mchana". Akili inaachia kwa urahisi zaidi kitu kilichopewa saa yake.

Kuna aina ya tatu, nayo hujificha. Ni ile hamu ya ghafla ya kuangalia simu, kufungua ukurasa mwingine, kusimama bila sababu. Ikikujia, kabla ya kuweka alama jiulize: sekunde chache zilizopita nilikuwa nafanya nini? Mara nyingi utakuta umegonga pagumu. Sentensi ilikataa kukaa, namba mbili hazikulingana, au umefika kwenye uamuzi ambao hutaki kuufanya. Hamu ya simu ni njia ya kutokea. Dawa yake haiko kwenye simu. Liandike lile gumu kama swali kamili: "Kwa nini jumla ya safu hii inazidi ile ya mwezi uliopita?" Swali lililoandikwa linakupa cha kutafuta, na mkono unarudi kwenye kazi. Nashauri zoezi hili kwa yeyote anayejiona mvivu, maana linaonyesha wazi kwamba uvivu haukuwa na sehemu katika jambo hilo.

Sasa simu yenyewe. Ikiwa ndiyo inayokuhesabia muda, umeweka usumbufu wako mkuu kuwa mlinzi wa umakini wako. Unaigeuza uone zimebaki dakika ngapi, unaona ujumbe mmoja juu ya kioo, na kipindi kimekwisha hapo ingawa saa bado inahesabu. Hii ndiyo faida niliyoitaja juu: saa ya mezani haikuletei ujumbe. Simu iweke ndani ya mfuko au kwenye chumba kingine. Kuilaza kifudifudi mezani hakutoshi kwa mtu mwenye mazoea ya kuishika.

Watu hawakuachi

Karatasi ikijaa vistari, tatizo si lako peke yako na hutalitatua peke yako. Utaratibu wa Cirillo una hatua nne: mwambie mtu kwamba una kazi mkononi, mkubaliane muda mwingine, uandike muda huo, kisha umrudie. Kwa maneno ya kila siku: "Samahani, kuna jambo namalizia. Nikutafute saa nne na nusu?" Sentensi hiyo huchukua sekunde tano na wengi huikubali bila kinyongo, kwa sababu mambo mengi ya kazini yanaweza kusubiri dakika 25. Kwa mkubwa wako wa kazi anza kwa kuuliza kama ni la sasa hivi, na umwache aamue mwenyewe.

Hatua ya nne ndiyo wengi wanairuka. Ikifika saa nne na nusu, mtafute. Ukimsahau mara mbili, mara ya tatu hatakubali kungoja. Atasimama mezani kwako mpaka umjibu, naye atakuwa na haki.

Likitokea la dharura kweli, acha kipindi na usikihesabu. Kanuni ni kwamba kipindi hakigawanyiki: ama kimekamilika, ama hakikuwepo. Watu hupenda kusimamisha saa wakashughulike na jambo lingine kisha waendelee walipoishia. Nakusihi usifanye hivyo. Kipindi chenye vipande vitatu vya dakika nane kitahesabika kama kimoja kwenye karatasi, lakini hakikukupa ule mtiririko uliokuwa unautafuta, na rekodi yako itaanza kukudanganya.

Kuna kazi ambazo usumbufu ndio kazi yenyewe. Anayepokea wageni, anayejibu simu za wateja, muuguzi aliye zamu: hawa hawawezi kutega saa mbele ya mtu anayehitaji msaada, wala hawapaswi. Wautumie mfumo kwenye saa zilizotulia, kwa makaratasi na ripoti, na saa nyingine waziache zilivyo.

Barua pepe na vikundi vya ujumbe vya kazini vipewe vipindi vyao, viwili au vitatu kwa siku. Nje ya hapo zima arifa. Ofisi inayodai jibu ndani ya dakika tano kwa kila ujumbe imeshaamua kwamba hakuna kazi ya kina itakayofanyika, na hilo linahitaji mazungumzo na msimamizi. Nenda na karatasi yako. Vistari vinane ndani ya asubuhi moja vinaeleweka haraka kuliko malalamiko.

Kengele inalia ukiwa umekolea

Ukiandika msimbo wa programu, ukitafsiri, ukichora au ukifanya hesabu ndefu, dakika za mwanzo huenda kwenye kuipanga kazi kichwani. Kengele ikilia dakika ya 25 unaona kama umenyang'anywa kitu.

Hapa nakubali dakika ziongezwe. Kwa kazi za namna hii, 45 au 50 na mapumziko ya 10 hufaa zaidi, na hakuna chochote kitakatifu kwenye 25. Lakini sharti kengele mpya uitii. Ukiongeza hadi 50 na bado unaipuuza, ujue unachokwepa ni kusimama, na deni lake hulipwa alasiri, pale unaposoma aya moja mara nne bila kuielewa. Uchunguzi wa Norman Mackworth wa mwaka 1948, uliofanywa kwa watu waliokaa wakitazama mshale wa saa maalumu ili wagundue pale uliporuka, ulionyesha kwamba uwezo wao wa kugundua ulishuka ndani ya nusu saa ya kwanza. Kazi yako huenda haifanani na ile, lakini kama ni ya kukagua makosa, kuhakiki namba au kusoma mkataba, usirefushe kipindi. Uchovu wa kukagua hauonekani kwa anayekagua.

Kama hofu ni kupoteza uzi, kabla hujainuka andika mstari mmoja: umefika wapi na hatua inayofuata ni ipi. Leroy na Theresa Glomb walipima jambo hili katika utafiti wa mwaka 2018 na wakakuta kwamba mpango mfupi wa kurejea kazini humsaidia mtu kuiachia kazi aliyokatizwa na kuishika nyingine kwa akili kamili. Mimi naona afadhali kuacha sentensi katikati, huku unajua itaishaje, kuliko kuimalizia na kurudi kwenye ukurasa mweupe.

Ukimaliza kazi kabla ya kengele, tumia dakika zilizobaki kuipitia. Usianze mpya.

Dakika 5 zinageuka 40

Mapumziko ndipo vipindi vingi hufia. Angalia kinachotokea: kengele imelia, mkono unakwenda kwenye simu, unafungua ujumbe mmoja, ndani yake kuna video, chini ya video kuna nyingine. Picha na video za mitandaoni zimepangwa zisiwe na mwisho, na wewe umeziweka ndani ya dakika tano. Haziwezi kukaa humo. Chagua pumziko ambalo lina mwisho wake lenyewe: kunywa maji, kwenda msalani, kunyoosha mgongo, kupanda na kushuka ngazi mara moja. Macho nayo yanahitaji haki yake. Wataalamu wa macho hushauri kwamba kila dakika 20 mbele ya kioo utazame kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi kwa sekunde 20. Na saa itegee mapumziko pia. Wengi hutega ya kazi peke yake, halafu wanashangaa mapumziko hayaishi.

Kujibu barua pepe mapumzikoni ni kazi, hata kama umesimama.

Ikiwa umefanya hayo yote na bado mwili unakataa kurudi, angalia kama uliruka mapumziko marefu. Watu huyaruka kwa kuona wanaokoa muda. Baada ya vipindi vinne, 15 ni haki yako na 30 si uvivu. Na ikiwa uchovu unaanza na kipindi cha kwanza asubuhi, siku baada ya siku, usingizi uangaliwe kabla ya saa. Kushindwa kutulia kulikoanza utotoni na kunakoharibu mambo hata nje ya kazi ni jambo la kumpelekea daktari. Hakuna kipimo cha dakika kitakacholitibu.

X zimejaa, kazi haijasogea

Kuna siku unahesabu vipindi kumi na lile la maana liko palepale. Tazama X zimekaa kwenye nini. Zikiwa nyingi kwenye mambo mepesi, kesho kipindi cha kwanza kipewe lile zito, kabla ya barua pepe.

Zikiwa kwenye kazi sahihi na bado hazitoshi, basi makadirio ndiyo yaliyokosea. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika mwaka 1979 kuhusu tabia ya binadamu kukadiria muda mfupi kuliko kazi inavyohitaji, hata kama kazi kama hiyo iliwahi kumchelewesha. Dawa ni kuandika namba mbili: vipindi ulivyodhani, na vipindi vilivyotumika. Ukidhani 3 ikachukua 5, mara nyingine kazi kama hiyo iandikie 5 bila kubishana na nafsi.

Mwisho kuna hesabu ya siku yenyewe. Saa nane zikigawanywa kwa nusu saa zinatoa vipindi 16, na watu hupanga 16. Hapo hakuna mapumziko marefu, hakuna chakula cha mchana, hakuna mkutano wala dharura. Panga vipindi vinane. Siku yenye mikutano mitatu panga vitatu, na uvitie kwenye kalenda kabla ya wengine hawajakuwekea kitu hapo.